Namna ninavyopaka ukuta mrefu wa ngazini bila kuanguka tena

Kifundo cha mkono wangu wa kushoto hakikunjiki mpaka mwisho. Nilikivunja mwaka 2011, Tanga, kwenye nyumba ya ghorofa moja, na walioniponza ni matofali matatu. Nilikuwa nimesimamisha ngazi ya kukunja juu ya vidato vya zege: miguu miwili kidato cha juu, na ile miwili ya chini nimeiinua kwa matofali na kipande cha boksi nilichokikunja mara nne ili isicheze. Ilitulia vizuri kabisa kama dakika arobaini hivi. Halafu nikajinyoosha kuifuata kona, boksi likabonyea, nikashuka vidato saba bila kukanyaga hata kimoja.

Tangu siku ile nimepaka kuta nyingi za ngazini, Tanga kwanza na sasa Dar es Salaam. Kila mwenye nyumba huanza kwa kuniuliza rangi ipi haififii. Mimi huanza kwa kujiuliza nitasimama wapi. Nikishapata jibu, iliyobaki ni kazi ambayo hata wewe mwenyewe unaweza kuifanya mwisho wa wiki ukiwa na msaidizi mmoja asiyeshika simu.

Kiswahili chetu kinatupa tabu kidogo hapa. Ile ya zege tunayopanda kwenda kulala ni ngazi, na ile ya aluminiamu tunayoegemeza ukutani nayo ni ngazi. Kwa hiyo humu nikisema vidato, nakusudia ya zege. Nikisema ngazi, ni ile ya kubeba begani. Nikisema ngazini, ni pale penye vidato.

Hesabu vidato kabla hujanunua kitu

Huhitaji kupanda popote ili kujua urefu wa ukuta. Pima kidato kimoja kuanzia usawa wake hadi usawa wa kinachofuata, kisha hesabu vyote. Nyumba ya Kinyerezi, Dar es Salaam, niliyoipaka na mpwa wangu ilikuwa na vidato 18, kila kimoja sentimita 17. Hiyo ni sentimita 306 mpaka sakafu ya ghorofani. Kule ghorofani, kutoka sakafu hadi dari ni sentimita 280. Jumla 586, karibu mita 6, ndio urefu wa ukuta ukisimama mwanzo wa vidato. Lendingi, ile sakafu ndogo ya kugeukia katikati ya vidato, ilikuwa kwenye kidato cha 9, yaani sentimita 153 kutoka chini, kwa hiyo ukuta wa lendingi ulibaki na mita 4.33.

Namba hizo mbili ndizo zilizoamua kila kitu. Mita 4.33 juu ya sakafu iliyo sawa si tatizo. Mita 5.86 juu ya vidato ni jambo jingine kabisa, na usikubali mtu akuambie "tutabana-bana tu".

Kwa rangi, piga hesabu ya eneo. Kuta tatu za pale zilikuwa kama mita za mraba 39. Rangi ya maji, lita 1 hupaka mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja, ukuta ukiwa laini na umeshapigwa praima, ile rangi ya msingi. Mikono miwili ni mita za mraba 78, yaani lita 8. Nilinunua galoni tatu za lita 4, maana ukuta uliopigwa puti (ile ya kuziba na kulainisha ukuta) upya hunywa kuliko maelezo ya kwenye kopo. Ndoo ya lita 20 ingekuwa hasara. Tena ikiwa imejaa ina uzito unaokaribia kilo 30, na sitaki mtu anayepanda vidato na kilo 30 mkono mmoja wakati sakafu ina vumbi la msasa.

Na hilo vumbi nalo linahitaji maneno yake. Vumbi la puti juu ya vigae ni kama unga wa sembe juu ya sinia: mguu hauna pa kushika. Kila ukimaliza kupiga msasa, fagia, kisha futa kwa tambara lenye maji, kidato kimoja kimoja, ukianza juu. Mpwa wangu alikuwa akinung'unika, "Mjomba, si tutafagia mwisho?" Nikamwonyesha mkono wangu. Hakuuliza tena.

Kama nyumba ni ya zamani na ina rangi ya mafuta, usiipige msasa mkavu. Baadhi ya rangi hizo za zamani zina madini ya risasi, na vumbi lake ni baya sana, hasa kwa watoto. Lowesha ukuta, piga msasa wa maji, vaa barakoa inayobana uso vizuri, na taka zote zikusanye kwenye mfuko.

Kazi kubwa inafanywa na mpini

Watu wanafikiri ukuta mrefu unadai ngazi ndefu. Kwa kweli unadai mpini mrefu. Nunua mpini wa rola unaorefuka mpaka mita 3, wenye kufunga kwa skrubu au kitufe kisichoteleza. Bomba la plastiki la maji halifai. Linapinda, rola inaruka, na rangi inakudondokea usoni. Mwanzi mkavu ulionyooka unafaa ukikosa mpini wa dukani, ila ufunge shingo ya rola kwa waya na siyo kwa kamba.

Ukisimama lendingi na mpini wa mita 3, ukuta wa mita 4.33 unaumaliza wote miguu ikiwa sakafuni. Bega litauma siku ya pili, hilo sitakudanganya.

Sasa ule wa mita 5.86. Nyumba nyingi zetu zina vidato vya kugeuka: unapanda mpaka lendingi, unageuka, unapanda tena kurudi upande ulikotoka. Maana yake ni kwamba ukuta mrefu kuliko wote, ule wa vidato vya chini, unatazamana na vidato vya juu. Panda mpaka kidato cha 15. Pale uko sentimita 255 kutoka chini, na dari iko mita 3.31 tu juu ya nyayo zako. Ukuta uko ng'ambo ya reli, kama mita moja na robo. Nyoosha mpini kimshazari juu ya reli na unaufikia ukuta mpaka chini kidogo ya dari, huku umesimama kwenye zege na reli iko kati yako na shimo. Miaka mingi nilikuwa naegemeza ngazi chini, napanda mita nne hewani kupaka eneo ambalo ningeweza kulipaka kutoka ng'ambo kama mtu anayechuma embe.

Masharti ni mawili. Kwanza jaribu reli: itikise kwa nguvu, na kama inacheza, usiitegemee hata kwa kuigusa. Pili, kifua kisivuke reli. Ukiona unalazimika kuinama ili ufike, rudi nyuma, refusha mpini au panda kidato kimoja zaidi. Na rola usiijaze sana. Ikamue kwenye trei mpaka isidondoshe, kwa sababu matone yote yataangukia vidato vya chini.

Mstari wa juu, pale dari inapokutana na ukuta

Rola haifiki kwenye kona yenyewe. Inabaki sentimita tatu au tano, na hizo ndizo zinazopandisha watu ngazi mbaya.

Ushauri wangu wa kwanza utawaudhi mafundi wenzangu: usiupake kabisa huo mstari kwa rangi ya ukuta. Ushushe weupe wa dari ukutani kama sentimita 10, ngazini kote, halafu rangi ya ukuta ianzie hapo. Mstari huo mweupe unaupaka kwa rola ndogo ya inchi 4 kwenye mpini uleule, kabla ya rangi nyingine. Kama dari ni ya jipsamu yenye mkanda wa nakshi pembeni, kazi imekuwa rahisi zaidi, maana rola ndogo inateleza chini ya nakshi na hakuna atakayeona kosa kutoka chini. Mama mwenye nyumba wa Kinyerezi alikataa mwanzoni. Akasema, "Fundi, unaniletea uvivu wa kisasa." Nikampakia kipande cha mita moja lendingi akitazame kutwa nzima. Jioni akakubali, na siku hizi nasikia anawaambia wageni ni wazo lake.

Ushauri wa pili ni brashi kwenye mpini. Kuna vishikio vya dukani vinavyobana brashi kwa pembe unayotaka. Ukikosa, toboa mpini wa brashi na uifunge kwa boliti mbili na nati za masikio. Itakubidi uwe na subira: mkono unatetemeka, mstari unakwenda mawimbi. Kwa urefu wa mita tano jicho linasamehe mengi.

Ila kuna kazi ambazo mpini hauzifanyi: kuziba nyufa kwa puti, kukwangua rangi iliyobabuka, kutoa chumvi ya unyevu ambayo kwa sisi wa pwani ni mgeni asiyeaga. Hapo lazima mtu apande, na apande juu ya kitu kilicho sawa.

Lendingi ni sakafu ya kawaida. Ngazi ya kukunja yenye vipandio 10 inasimama pale na miguu yake minne. Fungua mpaka vifungo vyake vinyooke, usisimame kwenye vipandio viwili vya juu, na tumbo lako lisitoke nje ya miimo ya ngazi, zile nguzo zake mbili za pembeni. Kila unapohisi kunyoosha mkono zaidi, shuka uihamishe. Ndiyo, kila mara. Iweke mbali na ukingo wa lendingi, mguu wa karibu usipungue hatua moja kutoka kidato cha kwanza cha kushuka, na tandika kipande cha tyubu ya gari chini ya miguu kama vigae vinateleza.

Juu ya vidato vya chini, ngazi ya kukunja haina kazi. Kuna ngazi za siku hizi ambazo kila mguu unarefuka peke yake, zimetengenezwa kwa ajili ya vidato, na ukipata ya kuazima au kukodi itumie kwa kufuata maelezo yake. Vinginevyo kodi jukwaa la chuma lenye jeki za miguu. Wanaokodisha majukwaa kwa siku wapo, na wengi wana vijana wa kulifunga. Lilale sawa ukilipima kwa pima-maji, liwe na mbao mbili au tatu upana, na reli usawa wa kiuno kwa upande ulio wazi. Kule Kinyerezi tulisimamisha miguu ya mbele sakafuni kabla ya kidato cha kwanza na ya nyuma kwenye lendingi, ya kati ndiyo peke yake iliyokanyaga kidato. Sakafu ya jukwaa tukaiweka mita 3.5 kutoka chini, hivyo tukawa tunaingia kutoka koridoni ghorofani kwa kupanda sentimita 44 tu, na dari ikawa inafikika kwa brashi ya mkononi. Kipande cha reli ya koridoni kilifunguka kwa skrubu, basi tukakifungua, na tulipomaliza tu tukakirudisha kabla hata ya kunawa.

Jukwaa la mirunda, yaani miti, ya kufunga kwa kamba ya katani? Nimeifanyia kazi miaka mingi na naiheshimu. Lakini kufunga mirunda ni ufundi wa mtu mwingine, na ngazini kwako si mahali pa kujifunzia.

Kama vidato vyako ni vya moja kwa moja bila lendingi, na mwisho wa chini kuna ukuta unaotazamana navyo, kuna njia ya zamani ya ngazi na ubao. Egemeza ngazi kwenye ukuta huo, miguu yake ikiwa juu ya kidato na imesukumwa hadi kugusa kimo, yaani uso wa mbele uliosimama, cha kidato kinachofuata. Uzito wako unaisukuma miguu kurudi nyuma, na kimo kinaizuia. Kwa kila mita 4 ngazi inazopanda, miguu iwe mita 1 kutoka ukutani. Ubao unalala kwenye kipandio cha ngazi hiyo, na mwisho wa pili unalala kwenye kipandio cha ngazi ya kukunja iliyosimama sakafu ya ghorofani, usawa mmoja. Mbao ziwe mbili, za unene wa inchi 2, zisizo na vifundo wala ufa, zitokeze kama sentimita 25 kila upande, na zifungwe kwa kamba ncha zote. Nafasi kati ya ngazi hizo ikizidi mita 2, usipite bila nguzo ya katikati. Mtu mmoja tu juu. Na usome kibandiko cha ubavuni kwa ngazi, kinaandika kilo inazobeba. Ujihesabu wewe, kopo, na mbao zenyewe.

Siku ya kazi

Anza saa mbili asubuhi, dirisha la ngazini likiwa na mwanga. Zima umeme wa taa za pale kwenye meni swichi kabla ya kufungua taa ya kuning'inia, maana ngazi ya aluminiamu na waya uliochubuka havifai kukutana. Saa kumi alasiri shuka, hata kama kimebaki kipande. Umeme ukikatika saa moja jioni wewe ukiwa juu, utajua nilikuwa nakusudia nini.

Familia iambiwe usiku uliopita. Dawa, chaji, sare za shule, vyote vishushwe chini mapema. Mlango wowote unaofungukia miguu ya ngazi ufungwe kwa ufunguo, na ufunguo ukae mfukoni mwako. Nilishaona mtoto akitoka chooni mbio na kuusukuma mlango ukaigonga ngazi. Mungu alisaidia, fundi alikuwa bado anakoroga rangi.

Viatu vya raba vyenye soli safi. Kandambili hapana, na miguu mitupu hapana pia. Kanga ya kufunga kiunoni ibaki sebuleni.

Kufunika vidato, usitumie nailoni wala turubai. Rangi ikidondokea nailoni inageuka utelezi ambao hata paka anauogopa. Tumia mashuka makuukuu au magunia ya katani, na uyabane kwa tepu ya karatasi kwenye kila kimo cha kidato, ili kitambaa kifuate umbo la vidato na kisining'inie kama hema. Kidato kisichoonekana ukingo wake ni mtego.

Ukipanda ngazi, mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja, iwe imeshika wakati wote. Kwa hiyo kopo hulibebi. Jaza nusu ya kopo la lita 4, lining'inize kwa ndoano ya chuma kwenye kipandio. Zana nyingine msaidizi akupitishie kwa kamba na ndoo ndogo. Msaidizi huyo asisimame chini yako wakati unakwangua.

Mpangilio wa rangi: dari kwanza, halafu ule mkanda mweupe, halafu ukuta kutoka juu kwenda chini. Anza mwisho wa ghorofani na umalizie mwanzo wa vidato, ili utoke nje ya kazi yako badala ya kupita ukijipangusa nayo. Paka vipande vya upana wa mita moja, na kila kipande kiingie kwenye ukingo ambao bado ni mbichi. Ukiuacha ukauke katikati ya ukuta mrefu, jua la asubuhi litauonyesha mstari huo kila siku. Ndiyo sababu ukuta mrefu huanzi baada ya chakula cha mchana ukaugawa nusu leo, nusu kesho. Anza asubuhi umalize mkono mmoja mzima.

Mkono wa pili subiri muda ulioandikwa kwenye kopo, mara nyingi saa mbili hadi nne. Msimu wa masika hapa Dar mimi huongeza maradufu, kwa sababu hewa yenyewe imelowa. Sehemu ya chini, mpaka usawa wa bega la mtu mzima, chagua rangi ya silki inayooshwa. Mikono ya watoto hupanda na ukuta, na hakuna rangi ya kawaida inayostahimili mwaka mmoja wa vidole vya chipsi.

Kabla ya kuvunja jukwaa, panda mara ya mwisho na tochi, mulika ukuta kimshazari. Vishimo vya puti na sehemu zilizorukwa zitaonekana kama vivuli. Ziba na upake palepale. Kisha ndipo ubao wa kwanza ushuke. Rangi iliyobaki itie kwenye kopo dogo lenye mfuniko, andika juu yake namba ya rangi, mwaka, na neno "ngazini", ukaliweke mbali na jua.